Msiisifu darubini mkaisahau kamera yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo magazeti yetu, naamini pasipo nia mbaya, hulipotosha karibu kila yanapoandika habari za anga. Makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu nyota zinazolizunguka shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu ilikuwa nzuri, na wanafunzi wangu waliligombea gazeti hadi likachanika. Hata hivyo, kuanzia kichwa cha habari hadi maelezo ya picha, sifa zote zilikwenda kwenye ukubwa wa vioo vya darubini. Msomaji angemaliza makala ile akiamini kwamba siri ya kazi yote ni kuwa na kioo kikubwa kuliko cha jirani, na kwamba nchi isiyo na kioo cha namna hiyo haina la kufanya ila kusoma habari za wenzake. Imani hiyo si sahihi, na kwa vijana wa Kanda ya Ziwa wanaochagua masomo ya kusoma ina hasara.

Ni kweli kwamba vioo vyenyewe ni vikubwa. Juu ya mlima Paranal, katika jangwa la Atacama nchini Chile, mita 2,635 kutoka usawa wa bahari, shirika la Ulaya la uchunguzi wa anga liitwalo ESO lina darubini nne zenye vioo vya mita 8.2 kila kimoja, pamoja na nyingine nne ndogo za mita 1.8 zinazoweza kuhamishwa. Lakini katika kuipima S2, mojawapo ya nyota zile zinazolizunguka shimo jeusi, vipimo vikali kuliko vyote havikutoka kwa darubini moja iliyosimama peke yake. Mwanga wa darubini zote nne kubwa ulipitishwa kwenye mahandaki chini ya ardhi, njia zake zikirefushwa na kufupishwa kwa vioo vinavyotembea juu ya reli, mpaka tofauti iliyobaki kati ya njia moja na nyingine ikawa ndogo kuliko unene wa unywele, kisha ukakutanishwa ndani ya chombo kimoja kiitwacho GRAVITY. Mwanga ni wimbi. Kilele kikikutana na kilele unaongezeka, kilele kikikutana na bonde unafutika, na kinachotokea ni milia myembamba ya mwanga na giza, ile ile ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na sita huijua kutokana na jaribio la Young la matundu mawili. Kupima nyota kwa kuisoma milia hiyo ndiyo interferometria, na uwezo wake wa kupambanua vitu vidogo hautegemei upana wa kioo kimoja bali umbali kati ya darubini na darubini.

Ushahidi ulio wazi zaidi hauko Chile bali California, juu ya Mlima Wilson, ambako Chuo Kikuu cha Georgia State cha Marekani kina mtambo uitwao CHARA. Darubini zake sita zina vioo vya mita moja tu kila kimoja, vipimo ambavyo hakuna mwandishi wa habari angevitolea kichwa cha habari. Lakini mbili kati yake zimeachana hadi mita 331, na kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa maikromita 1.65 (maikromita ni sehemu ya milioni ya mita) umbali huo unatosha kupambanua pembe ndogo mno. Nilipoipigia hesabu ubaoni pembe hiyo, ilitoka kuwa sawa na mtu aliyesimama Mwanza kutofautisha nukta mbili zilizoachana takriban nusu milimita huko Bukoba, endapo dunia isingekuwa na mviringo wa kumzuia. Mwaka 2024 wanaanga wakiongozwa na Nancy Evans walitangaza kwamba kwa mtambo huo wameona madoa juu ya uso wa Nyota ya Kaskazini, nyota ambayo sisi tulio nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta hatuioni kabisa, na kwamba upana wake ni takriban mara 46 ya upana wa Jua. Kazi hiyo imefanywa na vioo vya mita moja.

Hapo msomaji ana haki ya kuuliza: ikiwa kanuni ni nyepesi hivi, kwa nini kazi hii haikufanyika zamani? Ilifanyika. Desemba 1920, juu ya mlima huo huo wa Wilson, Albert Michelson na Francis Pease waliipima kwa milia nyota nyekundu iitwayo Betelgeuse, na kihisio chao, yaani kitu cha kupokea mwanga, kilikuwa jicho la binadamu lililowekwa nyuma ya lenzi. Jicho lilitosha kwa sababu Betelgeuse ni miongoni mwa nyota angavu kuliko zote. Kwa nyota hafifu, na hasa kwa mwanga wa infraredi ya karibu ambao jicho haliuoni, kazi ilibidi isubiri, na kilichosubiriwa hakikuwa kioo.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo hili, maana ndilo kiini cha barua yangu. Hewa iliyo juu yetu haitulii. Mifuko ya joto na baridi hupita mbele ya darubini na kuichelewesha miale, huku zaidi, kule pungufu, kwa hiyo milia hucheza huku na huko bila kupumzika. Ukiipiga picha kwa sekunde nzima, mlia mweupe utapita juu ya mlia mweusi mara nyingi na utabaki na rangi moja ya kijivu isiyo na habari yoyote. Ili uikamate lazima usome kihisio chako ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde, mamia ya mara au hata mara elfu moja kwa sekunde. Katika muda mfupi kiasi hicho, nyota hafifu hutoa chembe chache tu za mwanga, yaani fotoni, kwa kila pikseli. Fotoni ikiingia hutoa elektroni moja, na elektroni hizo ndizo zinazohesabiwa. Tatizo ni kwamba kitendo chenyewe cha kusoma huongeza kosa la kubahatisha, ambalo mafundi hulitaja kuwa ni kelele, na katika vihisio vya infraredi vya kizazi kilichopita, vikisomwa kwa kasi hiyo, kosa hilo lilikuwa elektroni zipatazo kumi kwa kila usomaji.

Tuseme ushuru wa sokoni Mwaloni Kirumba ungekuwa mmoja kwa wote, shilingi zile zile kwa mwenye lori la dagaa na kwa mama mwenye sinia moja. Mwenye lori asingeuona, lakini mama angerudi nyumbani mikono mitupu, na akilazimishwa kugawa sinia lake mafungu mia na kulipa kwa kila fungu, angemaliza siku akiwa na deni. Nyota angavu ndiyo lori, nyota hafifu ndiyo sinia, na hewa inayocheza ndiyo inayotulazimisha kugawa mafungu. Kuongeza upana wa kioo ni kuongeza samaki katika sinia, na mimi sisemi hakuna faida. Lakini dawa ya kweli ilikuwa kuufuta ushuru, yaani kelele ya kusoma.

Hata bila kelele hiyo, kamera za kawaida zisingefaa. Mwanafunzi yeyote anaweza kuthibitisha akiwa nyumbani: chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu, hasa ile ya mbele, kisha bonyeza kitufe. Katika simu nyingi utaona kijitaa cha rimoti kikimulika kwa weupe wenye zambarau, ilhali kwa macho hakiwaki. Huo ni mwanga wa infraredi, wenye urefu wa wimbi wa maikromita 0.94 au karibu na hapo, na silikoni iliyo ndani ya simu bado inauona. Ukifika maikromita 1.1 silikoni inakoma, kwa kuwa fotoni hazina tena nguvu ya kutosha kuing'oa elektroni mahali pake. Wanaanga wanataka maikromita 1.65 na 2.2, ambako hewa ina madirisha yanayopitisha mwanga na ambako vumbi lililotanda katikati ya galaksi halizuii sana. Kwa hiyo wanahitaji kitu kingine, na kitu hicho ni mchanganyiko wa zebaki, kadimi na teluri, uliotangazwa mwaka 1959 na watafiti wa Uingereza waliokuwa wakifanya kazi Malvern, kwa haja za kijeshi zaidi kuliko za nyota. Uzuri wake ni kwamba ukibadili kiasi cha kadimi unabadili urefu wa wimbi ambao kihisio kitaacha kuona. Zebaki hiyo ndiyo hii hii ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huishika kwa mikono mitupu wakikamatisha dhahabu, jambo linalostahili barua yake lenyewe.

Mchanganyiko huo una tabia nyingine, ambayo ndiyo iliyoleta mapinduzi. Ukiweka voltiji ya kutosha ndani ya pikseli, elektroni moja iliyotolewa na fotoni hukimbizwa kwa kasi, hugonga na kuzitoa nyingine, nazo zikagonga na kuzitoa nyingine, mpaka moja imekuwa makumi. Jambo kama hilo hufanyika pia katika silikoni, lakini kule kuzidisha kwenyewe huleta kelele mpya, kwa sababu mara elektroni moja huzaa nyingi na mara huzaa chache. Katika zebaki, kadimi na teluri wanaozidisha ni elektroni peke yao, na hufanya hivyo kwa utaratibu unaokaribia kutokuwa na bahati nasibu. Ukizidisha mara 50 kabla ya kusoma, kelele ile ya elektroni kumi, ikilinganishwa na fotoni za awali, inakuwa sawa na elektroni 0.2. Ushuru umefutika.

Kihisio kimojawapo kinachofanya kazi hiyo katika interferometria kinaitwa SAPHIRA. Kilitengenezwa Southampton, Uingereza, na kampuni iliyoitwa Selex, ambayo sasa ni Leonardo, akiwemo mtafiti wake Ian Baker, kwa ushirikiano na ESO, ambako Gert Finger ndiye aliyesimamia kazi ya vihisio hivyo. Kina pikseli 320 kwa 256, na kila pikseli ina upana wa maikromita 24. Zidisha mwenyewe: upande wake mrefu haufiki milimita nane. Kinaweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi ikabaki. Simu iliyo mfukoni mwa kijana anayesoma gazeti hili ina pikseli mara mia kadhaa zaidi ya hizo, kwa hiyo anayepima ubora wa kamera kwa wingi wa pikseli angeidharau hii tangu mwanzo.

Ndani ya GRAVITY, iliyoanza kazi Paranal mwaka 2016, SAPHIRA hukaa mahali pa mlinzi. Huitazama nyota jirani iliyo angavu zaidi, huisoma milia yake karibu mara elfu moja kwa sekunde, na kila usomaji huamuru vioo visogee ili kufuta mchezo wa hewa. Milia ikishatulizwa hivyo, kihisio cha pili, cha polepole, hupata nafasi ya kukusanya mwanga wa nyota hafifu kwa makumi ya sekunde bila milia kufutika. Kwa njia hiyo, Mei 2018, S2 ilifuatiliwa ikipita umbali unaopungua kilomita bilioni 20 kutoka kwenye shimo jeusi, kwa kasi inayozidi kilomita milioni 25 kwa saa, na mwanga wake, uliopimwa na chombo kingine cha Paranal kiitwacho SINFONI, ukaonekana kuvutwa kuelekea wekundu kama nadharia ya Einstein inavyodai. Reinhard Genzel, kiongozi wa kundi hilo, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2020. Kule Mlima Wilson, vyombo vya MIRC-X na MYSTIC vinatumia kihisio cha aina hiyo hiyo ndani ya kamera iitwayo C-RED One, iliyoundwa na kampuni ya First Light Imaging ya Ufaransa, inayoweza kusoma picha nzima mara 3,500 kwa sekunde ikiwa imepozwa hadi karibu nyuzi 190 za Selsiasi chini ya sifuri. Inapozwa hivyo kwa sababu ikiwa na joto, hutoa elektroni zake yenyewe hata gizani, na hata kuta za chumba hung'aa kidogo katika infraredi.

Ndugu Mhariri, najua wapo watakaouliza haya yanatuhusu nini sisi wa ziwani, ambao bado tuna shule zenye maabara isiyo na maji. Nawajibu bila kuwabeza. Kwanza, hakuna mtu mwenye akili atakayejenga darubini ya namna hiyo Capri Point hapa Mwanza, na hapaswi. Wingi wa mvuke juu ya Ziwa Victoria hufunga sehemu kubwa ya infraredi, na usiku, upepo unaotoka nchi kavu pande zote unapokutana katikati ya ziwa, huinuka mawingu ya radi ambayo mvuvi yeyote wa Ukerewe anayajua kuliko mimi. Ikiwa elimu ya anga ni suala la vioo na milima mikavu, basi kweli sisi hatumo. Lakini kama nilivyoeleza, kilichokwamisha kazi hii kilikuwa kelele ya kihisio, na kelele hupimwa mezani, ndani ya chumba chenye giza, mawingu yawepo au yasiwepo. Wanaoifanya ni watu wa fizikia ya vitu yabisi, wa saketi, wa kupoza, wa takwimu na wa programu za kompyuta. Mlango huo hauna masharti ya hali ya hewa.

Pili, jamii hiyo hiyo ya vihisio inatulinda tayari. Setilaiti za Meteosat zinazoitazama Afrika mchana na usiku hupima joto la vilele vya mawingu kwa vihisio vya infraredi vya zebaki, kadimi na teluri, ingawa si vya kuzidisha elektroni kama SAPHIRA, na picha zake ni miongoni mwa nyenzo za watabiri wanaotoa tahadhari za dhoruba ziwani. Mvuvi anayeamua kutokwenda majini usiku fulani baada ya kusikia tahadhari redioni anafaidi kazi ya watu waliohangaika kupunguza kelele ndani ya kipande kidogo cha madini.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwako. Mnapochapa habari za ugunduzi wa angani, pamoja na kuuliza kioo kina upana gani, waulizeni wahusika mwanga ulipokewa na nini, kilisomwa mara ngapi kwa sekunde na kelele yake ilikuwa elektroni ngapi. Majibu huwa yapo wazi katika taarifa zao, tena ni namba fupi zisizokula nafasi.

La pili ni kwa walimu wenzangu wa fizikia. Katika mazoezi yetu ya vitendo tunamfundisha mwanafunzi kusoma geji na kuandika jedwali, halafu kosa la kipimo tunalipitia kwa haraka kama jambo la aibu la kufichwa mwishoni mwa ripoti. Kuna zoezi lisilo na gharama. Weka simu ndani ya boksi la karatasi ngumu, ziba lenzi kwa mkanda mweusi, ongeza usikivu wa kamera hadi mwisho, piga picha za giza. Ikuze mojawapo: utaona chenga, kama zile za televisheni iliyokosa mawimbi. Hizo chenga ndizo kelele. Kisha mwanafunzi achukue wastani wa picha nne aone chenga zikipungua hadi karibu nusu, na wa picha kumi na sita aone zikikaribia robo, mradi ni za kubahatisha kweli. Zitakazogoma kupungua ni kasoro za kudumu za pikseli, na kuzitenganisha na nyingine ni somo jingine zuri. Akishaelewa hapo, mwambie kwamba milia ya nyota haisubiri picha kumi na sita, kisha umuulize angefanya nini. Wangu mmoja, binti wa kidato cha tano, alijibu kwamba angeikuza ishara kabla haijafika penye kelele. Hakuwa amewahi kusikia jina la SAPHIRA.

Maelezo ya zoezi hilo nimeyaandika kwa kurasa mbili, pamoja na jinsi ya kukokotoa wastani kwa programu ya bure ya kompyuta kwa shule zenye kompyuta, na kwa kalamu na pikseli ishirini kwa shule zisizo nayo. Ukurasa wako wa elimu ukiwa na nafasi, nitayaleta ofisini kwenu mwenyewe.

Wako katika kujenga,

Mwalimu wa fizikia,
Nyegezi, Mwanza.